Moshi wa sigara hauingii kwenye kibofu cha mkojo: kwa nini basi kibofu kinaumia kuliko figo?

1. Msaka Sababu

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Kaka yangu, mvutaji wa sigara tangu ujana, amegunduliwa kuwa na saratani ya kibofu cha mkojo. Swali la kwanza la daktari lilikuwa kama anavuta, naye akadhani faili lake limechanganywa na la mgonjwa wa mapafu. Nami nilishangaa vilevile. Nimesoma tangu hapo, na kuhusu uhusiano wenyewe sina ubishi tena: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011, uliowafuatilia wanaume na wanawake zaidi ya 460,000, ulionyesha kwamba anayevuta ana hatari ya saratani ya kibofu takriban mara 4 ya yule asiyewahi kuvuta, aliyeacha takriban mara 2, na kwamba karibu nusu ya saratani zote za kibofu katika kundi hilo zilihusishwa na sigara.

Linalonitatiza ni jambo jingine. Kwa saratani ya figo, tafiti nyingi hutaja ongezeko la kati ya asilimia 30 na 50 tu kwa wavutaji. Sasa, damu iliyobeba sumu za moshi huchujwa na figo usiku na mchana, mkojo wote hutengenezwa humo, na kibofu hupokea tu kile ambacho figo imekwisha kukishughulikia. Iweje aliye mlangoni anusurike na aliye uani aumie? Naomba maelezo, si mahubiri ya kuacha sigara, kwa sababu mimi sivuti na kaka amekwisha kuacha.

2. Tabibu Mstaafu

Pole kwa kaka, ndugu yangu. Swali ni zuri, na sehemu kubwa ya jibu imo kwenye ini.

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati yake zinajulikana kuwa huweza kusababisha saratani. Zinazotajwa zaidi kwa kibofu ni za jamii ya amini za aromatiki, zikiwemo 2-naftilamini na 4-aminobifenili. Huingia kwenye damu kupitia mapafu na kufika kwenye ini, nalo ini, likijaribu kuzifanya ziyeyuke ili zitoke mwilini, huzigeuza kwanza ziwe kali zaidi, kisha huzifunga pamoja na asidi ya jamii ya sukari. Zikiwa zimefungwa hivyo, hupita kwenye figo bila kuleta madhara makubwa. Kwenye kibofu hukaa saa kadhaa, na mkojo ukiwa na asidi nyingi kifungo kile huachia, kemikali kali hubaki huru, na hapo hushikamana na DNA ya seli za utando wa ndani. Kwa lugha yako mwenyewe, mlangoni unapita mzigo uliofungwa, na unakuja kufunguliwa uani.

3. Fundi wa Rangi

Ninaheshimu maelezo ya Tabibu, lakini hadithi hii ilianzia viwandani kabla ya yeyote kuifikiria sigara. Mwaka 1895 daktari wa upasuaji wa Frankfurt, Ludwig Rehn, alitoa taarifa ya uvimbe wa kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi zinazotokana na anilini. Mwaka 1938 Wilhelm Hueper na wenzake waliwapa mbwa 2-naftilamini nao wakapata uvimbe wa kibofu. Hayo yote yalijulikana kabla ya mwaka 1956, pale watafiti wa Marekani walipochapisha kwamba wanaume wavutaji wanaugua saratani ya kibofu zaidi ya wasiovuta.

Baba yangu mdogo alifanya kazi ya kutia nguo rangi kiwandani karibu maisha yake yote, hakuvuta hata siku moja, na saratani ya kibofu ndiyo iliyomwondoa. Ninachouliza ni hiki: ni wangapi kati ya hao wavutaji walikuwa pia wafanyakazi wa rangi, mpira, ngozi na alumini? Mfanyakazi wa kiwanda huvuta kuliko karani. Yawezekana sigara inabebeshwa dhambi ya kiwanda.

4. Mtakwimu

Fundi, hoja yako ni ya haki lakini haiwezi kubeba uzito wote. Tafiti nzuri huuliza kuhusu kazi na kuiondoa katika hesabu, na uhusiano wa sigara hubaki palepale. Zaidi ya hayo, katika utafiti alioutaja mwanzisha uzi, sehemu ya saratani za kibofu iliyohusishwa na sigara ilikuwa karibu nusu kwa wanaume na karibu nusu kwa wanawake pia, na sidhani kama wanawake wote hao walikuwa wakitia nguo rangi kiwandani. Makadirio ya kawaida ya mchango wa kazi ni madogo zaidi, ingawa si ya kupuuzwa, na baba yako mdogo, Mungu amrehemu, yumo ndani yake.

Nina jambo la kumwambia Msaka Sababu. Ulinganisho wako una kasoro: umeweka pamoja tishu mbili zisizo na undugu. Saratani ya kawaida ya figo huanzia katika vijifereji vinavyorekebisha mkojo uliokwisha kuchujwa, ilhali ya kibofu huanzia kwenye utando wa ndani wa njia ya mkojo. Utando huo hauanzii kwenye kibofu. Huanzia kwenye uvungu wa figo, pale mkojo unapokusanyika, huteremka kwenye ureta zote mbili, yaani mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo, hufunika ukuta wa ndani wa kibofu na kuendelea hadi mwanzo wa urethra, mrija wa kutolea mkojo nje. Ukitaka kulinganisha kwa haki, linganisha kibofu na uvungu wa figo na ureta. Huko tafiti kadhaa zimekuta hatari ya wavutaji kuwa takriban mara 3, yaani karibu sana na ya kibofu. Kwa hiyo aliye mlangoni hakunusurika. Wewe ulimtazama jirani yake.

5. Kobe Mvutaji

Mimi huvuta na sijifichi, kwa hiyo mnaweza kuniweka mezani kama kielelezo. Ninachojiuliza ni kwamba sigara za siku hizi zina vichujio na lami kidogo kuliko zile walizovuta wazee wetu. Takwimu mnazozitaja si za sigara za zamani? Nina hakika hatari yangu ni ndogo kuliko ya babu.

6. Mtakwimu

Kielelezo kimepokelewa, ila kimejileta kwenye meza isiyokifaa. Katika tafiti zilizoanza kati ya mwaka 1963 na 1987, hatari ya mvutaji ilikuwa takriban mara 3 ya asiyevuta. Katika ule ulioanza miaka ya 1990 imefika takriban mara 4. Lami ilipungua na uwiano ukapanda.

Kwa nini umepanda, hapo ndipo wataalamu wanapogawanyika. Wapo wanaosema muundo wa sigara umebadilika, kiasi kwamba lami na nikotini vimepungua ilhali kiasi cha baadhi ya kemikali nyingine hakikupungua, au hata kiliongezeka. Wapo wanaosema anayevuta sigara nyepesi huvuta kwa nguvu na kwa kina zaidi ili apate nikotini aliyoizoea. Mimi huongeza uwezekano wa tatu, ambao hauipendezi kambi yoyote: huenda waliobaki wakivuta katika miaka ya karibuni ndio walioanza mapema na waliovuta kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo neno "mvutaji" la mwaka 1965 na la mwaka 2000 halimhusu mtu wa aina moja.

7. Bint Hekima

Naomba niongeze jambo ambalo wanaume wa uzi huu wamelipita haraka. Wanaume huugua saratani ya kibofu takriban mara 3 hadi 4 ya wanawake, na kwa muda mrefu jibu lilikuwa kwamba wanaume huvuta zaidi. Lakini hata wasiovuta wakilinganishwa wao kwa wao, wanaume bado huugua zaidi. Kwa hiyo sigara haimalizi habari. Wengine husema ni kazi, wengine homoni, wengine namna ini la mwanamume linavyozigeuza zile amini, na sijaona anayejibu kwa uhakika.

Mama yangu mkubwa alikojoa damu isiyoambatana na maumivu akapewa dawa za maambukizi ya njia ya mkojo, damu ikakoma, ikarudi, akapewa nyingine, ikarudi tena. Walipokuja kumwingizia kamera kwenye kibofu, uvimbe ulikuwa umekwisha kuingia kwenye msuli. Alikuwa mvutaji wa siri, na hakuna aliyemuuliza kwa sababu alikuwa bibi wa heshima. Nimesoma baadaye kwamba kucheleweshwa huku kwa wanawake kumeonekana katika nchi nyingi, kwa sababu damu kwenye mkojo wa mwanamke hudhaniwa haraka kuwa ni maambukizi.

8. Mwana wa Mto

Jamani, mbona mnazunguka? Kibofu huharibiwa na kichocho, na jambo hili limefundishwa tangu zamani. Konokono, maji yaliyotuama, vijidudu kupenya kwenye ngozi, mayai kukwama kwenye ukuta wa kibofu, miaka mingi ya kukojoa damu, kisha saratani. Sigara inasingiziwa kwa sababu tafiti zote hizo zimetoka katika nchi ambazo hazina kichocho.

9. Tabibu Mstaafu

Mwana wa Mto, umesema kweli nusu na nusu nyingine umeiacha mtoni. Kichocho cha mkojo kimeorodheshwa rasmi na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani tangu mwaka 1994 kuwa ni kisababishi cha saratani kwa binadamu. Hata hivyo, saratani inayofuatana nacho mara nyingi ni ya seli bapa, zinazotokea pale ukuta unapochubuliwa na kuvimba kwa miaka mingi, ilhali ile inayohusishwa na sigara ni ya seli za utando wenyewe wa njia ya mkojo, ambayo katika nchi zisizo na kichocho hufikia takriban asilimia 90 ya saratani za kibofu.

Mfano wa Misri unafaa kuutafakari. Kichocho kilipodhibitiwa huko kwa matibabu ya jumla, saratani ya seli bapa ilipungua katika hospitali za saratani na nafasi yake ikachukuliwa na ile ya utando, ambayo hapo kabla ilikuwa ya pili. Wavutaji walibaki, na ugonjwa wao ukajitokeza.

10. Mwana wa Mto

Nashukuru, Tabibu, lakini huenda wale waliokuwa na kichocho na huku wakivuta walipata vyote viwili kwa pamoja. Ukuta uliochubuliwa na mayai ukioshwa kila siku na mkojo wenye sumu za tumbaku utakuwa na hali gani? Hilo bado hamjalijibu, na mimi sioni sababu ya kulazimisha ugonjwa mmoja uwe na mkosaji mmoja.

11. Mpenda Kahawa

Nimesubiri mtu aitaje kahawa, hakuna aliyeitaja. Nakumbuka vizuri kwamba mwaka 1991 shirika hilohilo analolitaja Tabibu liliiweka kahawa katika kundi la vitu vinavyoweza kuleta saratani, na kiungo kilichotajwa kilikuwa kibofu. Kama kahawa ni kosa, wavutaji ambao nusu yao hawawezi kuwasha sigara bila kikombe mkononi wana makosa mawili.

12. Mtakwimu

Ndugu Mpenda Kahawa, umejijibu bila kujua. Mwaka 2016 shirika hilo liliitoa kahawa katika kundi lile na kuipeleka kwenye kundi la vitu ambavyo ushahidi hautoshi kuvihukumu. Sababu kubwa ni hiyo hiyo uliyoitaja kwa utani: wanywaji wa kahawa walikuwa wavutaji kwa wingi, na tafiti za awali hazikuweza kuutenganisha moshi na kikombe. Ni sawa na lile swali la Fundi wa Rangi, ila safari hii hoja imefanya kazi dhidi ya kahawa na kuiacha sigara pale ilipokuwa.

Ukitaka, tutaongeza na sakarini, ile sukari bandia, ambayo iliwaletea panya uvimbe wa kibofu, ikabandikwa onyo nchini Marekani kuanzia mwaka 1977, na onyo likaondolewa mwaka 2000 baada ya kuonekana kwamba njia iliyowadhuru panya haimhusu binadamu. Kibofu kimesingiziwa mambo mengi. Sigara ndiyo iliyobaki kila ilipochunguzwa upya.

13. Mwanajeni

Salamu. Ninaona kila mtu anazungumzia kinachoingia mwilini na hakuna anayezungumzia mwili unaopokea. Kuna kimeng'enya kwenye ini kinachoitwa NAT2, ambacho kazi yake mojawapo ni kuzizima hizo amini za aromatiki kabla hazijageuzwa kuwa kali. Watu wengine wana jeni la aina inayofanya kazi haraka na wengine ya polepole. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, takriban nusu ni wa polepole. Japani ni kama mmoja kati ya kumi. Wale wa polepole wakivuta, hatari yao ya saratani ya kibofu hupanda zaidi, kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi kama asilimia 40 juu ya ile ya wa haraka, na wasipovuta tofauti hiyo karibu haionekani.

Msisahau mbwa wa Hueper. Mbwa kwa asili hawana uwezo huo wa kuzizima amini, na ndiyo sababu moja kibofu chao kilishambuliwa upesi. Kaka wa Msaka Sababu na rafiki yake aliyevuta kiasi kilekile bila kuugua huenda wanatofautiana hapo tu.

14. Mkosoaji

Mmeieleza njia ya amini vizuri hadi inakaribia kuonekana kama imethibitishwa kila hatua. Naomba niwatie shaka.

Moshi unapoharibu DNA moja kwa moja, huacha alama ya aina yake, mpangilio wa makosa unaotambulika. Mwaka 2016 watafiti walichapisha uchambuzi wa maelfu ya vivimbe vya wavutaji na wasiovuta. Kwenye mapafu na koo la sauti alama hiyo ya moshi ilikuwa wazi. Kwenye kibofu haikuonekana. Walichokiona kwa wavutaji ni kuongezeka kwa alama nyingine, ile inayojikusanya kwa kila mtu kadiri umri unavyosonga, kana kwamba sigara imeiharakisha saa. Makadirio yao yalikuwa kwamba kuvuta pakiti moja kwa siku kwa mwaka mzima huongeza takriban mabadiliko 150 katika kila seli ya mapafu, na takriban 18 katika kila seli ya kibofu.

Ikiwa amini hushikamana na DNA ya kibofu kama Tabibu anavyosema, alama zake ziko wapi? Na ikiwa mabadiliko ya kibofu ni sehemu ndogo tu ya yale ya mapafu, mbona hatari inaongezeka mara 4? Huenda moshi hauandiki makosa mapya kwa wingi hivyo. Huenda unazilazimisha seli zigawanyike mara nyingi zaidi kwa kuziunguza na kuziumiza, au unazipa nafasi ya kusitawi seli ambazo tayari zilikuwa na kasoro.

15. Tabibu Mstaafu

Shaka ya Mkosoaji ni ya maana na sitaikwepa, lakini kuna mambo mawili ambayo haiwezi kuyafuta. La kwanza ni majaribio ya mbwa ya miaka ya 1950: sehemu ya kibofu ilitengwa isiguswe na mkojo, mnyama akapewa 2-naftilamini, na uvimbe ukaota pale tu palipoguswa na mkojo. Sumu haikufika kwa njia ya damu ya ukuta wa kibofu. Ilikuwa ndani ya mkojo. La pili ni kwamba 4-aminobifenili hushikamana na himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, na kiasi chake hupimika. Kwa wavutaji ni kikubwa mara kadhaa kuliko kwa wasiovuta, kwa wanaovuta tumbaku nyeusi iliyokaushwa kwa hewa ni kikubwa zaidi kuliko kwa wavutaji wa tumbaku ya manjano, na kwa anayeacha hushuka katika miezi michache. Tafiti za Italia, Uhispania na kwingineko zilikuta kwamba wavutaji wa tumbaku nyeusi ndio waliougua zaidi saratani ya kibofu. Mlolongo huo si rahisi kuuita bahati.

16. Mkosoaji

Sikuuita bahati, Tabibu. Nilisema kwamba kujua sumu imefika si sawa na kujua ilifanya nini ilipofika.

17. Msaka Sababu

Nawashukuru wote, sikutarajia uzi ufike huku. Ninarudi kwa Mtakwimu. Ukisema kwamba uvungu wa figo na ureta huathirika karibu sawa na kibofu, basi maelezo ya Tabibu kuhusu mkojo kukaa saa kadhaa yanayumba, kwa sababu kwenye ureta mkojo haukai. Hupita kwa sekunde chache. Kama muda wa kugusana ndio siri, ureta ingesalimika kabisa.

18. Mtakwimu

Hapo umenibana, na nimefurahi kubanwa. Ninachoweza kusema ni kwamba uwiano wa hatari na idadi ya wagonjwa ni mambo mawili tofauti. Saratani za utando huo zinazoanzia kwenye uvungu wa figo na ureta ni asilimia 5 hadi 10 tu; zilizobaki karibu zote ni za kibofu. Muda wa kugusana, pamoja na ukubwa wa eneo la utando, unaweza kueleza kwa nini kibofu kina wagonjwa wengi kuliko ureta hata kwa wasiovuta. Hauelezi kwa nini sigara huzidisha hatari kwa kiasi kinachokaribiana huku na huku. Huenda seli za utando huu zina vimeng'enya vyao wenyewe vinavyozifanya amini ziwe kali popote zinapozikuta, bila kusubiri asidi wala muda. Kimeng'enya cha NAT1, ndugu wa NAT2, kilichomo kwenye kibofu kinashukiwa kwa kazi hiyo.

19. Mwanajeni

Na ikumbukwe kwamba huko juu wapo washtakiwa wengine. Asidi aristolokiki, iliyomo katika mimea fulani ya dawa, huacha alama yake ya wazi kabisa kwenye DNA ya uvungu wa figo na ureta, na imehusishwa na saratani hizo katika nchi za Balkani na Taiwani. Inachekesha kidogo, kama jambo hili linaweza kuchekesha, kwamba mmea huo umeacha saini inayosomeka na sigara haijaacha yake kwenye kibofu.

20. Kobe Mvutaji

Nimefuatilia kwa utulivu na nimeanza kuhesabu vikombe vyangu na jeni zangu. Swali langu ni la mtu wa vitendo: nikihamia kwenye tumbaku ya kunusa au ya kuweka mdomoni, au sigara ya umeme, kibofu changu kitashukuru?

21. Tabibu Mstaafu

Tumbaku isiyochomwa haijaonyesha uhusiano thabiti na saratani ya kibofu, jambo linaloendana na ukweli kwamba sehemu kubwa ya amini zinazotuhusu huzaliwa katika kuungua. Usikimbilie kushangilia, Kobe, kwa maana tumbaku ya mdomoni ina saratani zake za kinywa na za umio. Kuhusu sigara ya umeme, saratani hii huchukua miongo kujitokeza, na kifaa chenyewe hakijatimiza umri wa kuhukumiwa. Kinachojulikana ni kwamba baadhi ya kemikali zinazoshukiwa zimepatikana katika mkojo wa watumiaji, kwa kawaida kwa kiasi kidogo kuliko kwa wavutaji.

Na wewe Msaka Sababu, mwambie kaka kwamba kuacha hata baada ya kugunduliwa kuna maana. Takriban robo tatu ya wagonjwa hugunduliwa kabla uvimbe haujaingia kwenye msuli, hukwanguliwa, na wengi huwekewa ndani ya kibofu dawa ya BCG, ile ile chanjo ya kifua kikuu, iliyoanza kutumika kwa kazi hii mwaka 1976. Uvimbe huwa na tabia ya kurudi, na kwa wanaoendelea kuvuta umeonekana kurudi zaidi. Kwa mtu ambaye hajaugua, hatari hushuka baada ya kuacha, ila haifiki ile ya asiyewahi kuvuta hata baada ya miaka 10.

22. Bint Hekima

Tukubali basi kwamba mkojo ndio njia. Ikiwa ni hivyo, kunywa maji mengi na kukojoa mara kwa mara kungepunguza hatari, kwa sababu sumu ingekuwa hafifu na ingekaa muda mfupi. Je, imepimwa?

23. Mtakwimu

Imepimwa, na majibu hayapatani. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1999, uliowahusu wanaume karibu 48,000, ulikuta kwamba waliokunywa zaidi ya lita 2.5 za vinywaji kwa siku walikuwa na takriban nusu ya hatari ya waliokunywa chini ya lita 1.3. Utafiti mkubwa wa nchi kadhaa za Ulaya ulipoangalia jumla ya vinywaji haukuona uhusiano huo. Upande wa asidi, utafiti wa Uhispania ulikuta kwamba wenye mkojo wenye asidi siku zote walikuwa na hatari kubwa zaidi, hasa wakiwa wavutaji, na hilo linamsaidia Tabibu. Ila maji yenyewe yanaleta mzozo.

24. Fundi wa Rangi

Yanaleta mzozo kwa sababu mnayahesabu yote kuwa sawa. Katika mkoa wa Antofagasta nchini Chile watu walikunywa maji yenye arseniki nyingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1970, na saratani ya kibofu iliendelea kuwaandama miongo mingi baada ya maji kusafishwa. Mtu wa namna hiyo akinywa lita tatu kwa siku anajiongezea sumu. Hata maji yaliyotiwa klorini yana mabaki yanayoshukiwa. Kwa hiyo kabla ya kusema kwamba maji hayasaidii, nioneshwe utafiti uliopima kwa watu walewale kiasi cha maji, kilichomo ndani ya maji hayo, asidi ya mkojo, kazi na idadi ya sigara. Mtakwimu akiwa nao, auweke hapa tuusome.

25. Mtakwimu

Umeagiza vitano kwa pamoja, Fundi. Nina wenye vitatu. Nitauleta tuanze na huo.